Bibi Kidawa Awafundisha Waigizaji Kulia

Televisheni iliingia nyumbani kwa Mwanaima mwezi wa pili, imefungwa blanketi na kulazwa juu ya magunia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na tangu siku hiyo Mwanaima hakuwahi tena kumaliza sentensi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wala haikuwa yake. Likwata, mumewe, alimnunulia mama yake mzazi, Bibi Kidawa, aliyeteleza kisimani akavunjika nyonga. "Mama asilale kutwa anahesabu kenchi za paa," alisema Likwata. Akafunga sola juu ya bati, akavuta nyaya, akajaribu rimoti mara mbili, kisha akaenda zake Nyangamara kwenye mikorosho ya mjomba wake. Mwanamume akishanunua kitu huona kazi imekwisha. Aliyebaki na kenchi, na mama, na televisheni, ni Mwanaima.

Basi nyie wenye wazee ndani, na nyie mlio mbioni kuleta kitu hicho majumbani, sikilizeni kwanza yaliyotokea hapa Njinjo.

Filamu zilitoka Nangurukuru, kwenye kibanda cha kijana mmoja aitwaye Cletus. Cletus hachagui. Ukimpa flashi anaijaza mpaka ikatae: ya Kihindi, ya Kichina, ya Kinaijeria, ya Kizungu, za kwetu, zote zimelala humo pamoja kama dagaa kwenye fungu. Na karibu zote zina sauti ya mtu anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe, sauti ya kukwaruza, mtu asiyejua kunyamaza. Pale asipoelewa, anaongeza ya kwake.

"Muongo wewe!" Bibi Kidawa alikuwa akimwambia. "Mwenzio kafunga mdomo, hayo maneno umeyatoa wapi?"

Maana Bibi Kidawa si mtu wa kutazama kitu akanyamaza. Miaka sabini na kitu amekaa katika ngoma, harusi na misiba ya watu, akisema hiki kimekaa vizuri, kile kimeharibika, na watu wakamsikiliza. Hakuona kwa nini kioo kimfunge mdomo. Alilazwa sebuleni kwenye kitanda cha kamba, mito mitatu mgongoni. Miguuni kwake alikaa Grace, binti wa jirani mwenye miaka mitano, ndiye aliyeshika rimoti. Sauti ilipandishwa hadi mwisho kwa sababu ya masikio ya mzee. Kuku wa Mwanaima walihamia kwa jirani.

Ya Kihindi ilimchosha siku ya kwanza tu. "Miaka ishirini anamtafuta mama yake," alimwambia Mwanaima aliyekuwa anapita na ndoo kichwani, "na mama mwenyewe anauza mboga mtaa wa pili. Huyu mtoto hali mboga?" Ndoo haijatua chini, akaitwa tena. "Mama Fauzia, njoo uone. Kapigwa risasi tano, anaimba. Mimi niliteleza tu pale kisimani, hata bismillahi ilinishinda."

Ya Kichina ikamkasirisha kwa jambo jingine. "Wanakimbizana juu ya mapaa ya watu, vigae vinaruka, na hatoki mwenye nyumba hata mmoja kuuliza! Hapa mbuzi akipanda kwenye bati lako kesi inafika kwa mwenyekiti."

Kijana wa Kikorea aliyelia kwenye theluji alimhurumia kidogo. "Mzuri, mzuri sana. Lakini machozi yako karibu mno. Mke wake atalala pabichi."

Iliyompendeza kuliko zote ilikuwa ya Kizungu, ya maiti wanaotoka makaburini na kuvamia mji. Grace alijificha chini ya kitanda. Mwanaima mwenyewe alisimama mlangoni na mwiko mkononi, nywele zimemsimama. Bibi Kidawa alitikisa kichwa kama mtu anayeona kesi iliyo wazi. "Hawakuoshwa hao. Wala hawakukafiniwa. Umemzika mtu na viatu vyake miguuni, ulitegemea abaki?"

Halafu ikaja ya Kinaijeria, ikaleta balaa. Ndani yake mke wa mtu alikuwa anamtilia mama mkwe wake unga fulani kwenye supu, kidogo kidogo, huku anatabasamu. Siku ile jioni Mwanaima akaleta uji. Bibi Kidawa akautazama.

"Anza wewe, mwanangu."

"Mama?"

"Onja tu. Kijiko kimoja."

Siku tatu! Siku tatu Mwanaima anaonja uji, mchuzi, hata maji, na siku ya pili Mama Grace, yaani Fortunata jirani, alikuwepo akaona kwa macho yake, akaenda kuwamwagia wanawake habari hiyo kisimani. Huyu ni Mwanaima aliyemkanda mzee nyonga asubuhi na jioni tangu mwaka uanze, anayemgeuza, anayemwosha. Siku ya tatu uvumilivu ukamwisha.

"Mama, mimi ningetaka ufe si ningekuacha palepale kisimani?"

Bibi Kidawa akalifikiria hilo kwa haki. "Hata huyu wa supu alianza kwa wema," akasema. Kisha akanywa.

Mwanaima naye alikuwa na maoni yake, ila hakuna aliyemuuliza. Zile za Kituruki hakuzitaka: watu wanatazamana tu, wanatazamana, mpaka maharage yanaiva jikoni, na hakuna aliyesema kitu. Kuna moja ya kwetu ambayo mwanamke maskini analima shamba la watu kwa kibarua, ana kucha nyekundu ndefu na nywele za kununua zinafika kiunoni, jembe kalishika kama mwiko wa sherehe. Hiyo aliizima mwenyewe, Bibi Kidawa akapiga kelele mpaka ikawashwa. Lakini kweli isemwe, iko moja ilimnasa. Mama mmoja anazunguka hospitali moja hadi nyingine na picha ya mtoto wake, hasemi sana, anaonyesha picha tu. Mwanaima alikaa chini sakafuni kuitazama, akasahau alipo. Wali ukaungua. Akasingizia kuni.

Yote hayo angeyavumilia. Kilichomuudhi mpaka kwenye mfupa ni moto wa sola. Paneli ilikuwa moja, ndogo, na betri lake limechoka. Televisheni ikiwaka, simu haijai. Kila siku ni yaleyale.

"Mama, naomba nichaji simu. Fauzia anaweza kupiga."

"Ngoja huyu aolewe kwanza."

Mpaka huyo wa kwenye kioo aolewe, agombane na wifi zake na arudiwe, jua limeshazama na simu ina mstari mmoja mwekundu. Wazazi wenzangu, chajini simu kwanza. Harusi ya kwenye kioo itasubiri.

Na Fauzia hakuwa mtu wa kupiga simu akakosa kupokewa. Ni binti yake wa kwanza, kaolewa Nangurukuru na dereva wa magari ya mizigo aitwaye Iddi. Mwaka juzi mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi saba, njiani, akija huku kwenye arobaini ya baba yake mdogo. Barabara ile ya mashimo ilimtikisa, mwili ukakataa. Sasa alikuwa na nyingine, imeingia mwezi wake wa nane, na presha inapanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. Kliniki walimwambia maneno mawili: asisafiri, na asishtuliwe. Mwanaima akisali sala tano, dua yake ilikuwa moja. Mwezi huu upite, ya Rabi. Mwezi huu mmoja tu.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa sita, ufuta umekomaa. Ufuta haumsubiri mtu. Ukichelewa siku moja unapasuka na kumwaga punje zote chini. Mwanaima alikuwa shambani nyuma ya kijiji tangu alfajiri, anakata, anafunga, anasimamisha miganda. Simu aliiacha ndani, imezima kama kawaida. Jua lilikuwa utosini alipokisikia kilio.

Kilio cha kwanza cha msiba kila mtu wa huku anakijua. Hakifanani na mtu aliyeumia wala mtu aliyepigwa. Kinatoka chini, kinapanda, kinasimama juu pale kama kinatafuta mahali pa kutua, halafu kinavunjika. Hakilii ovyo. Hata walevi hawakiigi. Kikilia, mwenye jembe analiacha, mwenye chungu anakiepua, watu wanaelekea kule kinakotoka bila kuulizana.

Hiki kilitoka nyumbani kwake. Na sauti aliijua, kwa sababu kwa miaka arobaini sauti hiyo ndiyo iliyokuwa inaanzisha vilio vya kijiji kizima. Ilikuwa ya Bibi Kidawa.

Bibi analia, basi aliyekufa si bibi. Likwata? Wazo la Likwata lilipita tu, halikukaa. Moyo wake ulikwenda moja kwa moja Nangurukuru. Wamepiga simu ikawa imezima, wametuma mtu, mtu kamkuta mzee peke yake kitandani, akamwambia. *Fauzia*, alisema moyoni. *Fauzia, Fauzia.* Alikimbia na mundu mkononi, khanga ikamvuka akaiacha juu ya miti ya muhogo.

Uani alikuta watu wameshajaa. Wanaume walikuwa wanashusha benchi. Bi Sauda, mzee wa nyumba ya tatu, alikuwa ameshatandika mkeka. Fortunata alikuwa katikati, mikono kichwani, na alipogeuka akamwona Mwanaima anatokea kwenye migomba, alitoa ukelele ambao haukuwa na mafunzo yoyote.

"Mama Fauzia! Uko hai!"

"Niko hai nini? Nani kafa?"

"Si wewe?"

"Mimi? Fauzia! Fauzia yuko wapi?"

"Fauzia mzima, nimeongea naye sasa hivi! Mlango umefungwa kwa ndani, bibi analia tu, haonekani mtu, nawe huonekani, simu yako imezima, tukasema basi, kaumwa na nyoka kwenye ufuta!"

Mwanaima hakungoja kusikia zaidi. Akausukuma mlango kwa bega. Ulikuwa haujafungwa, ulikuwa umekwama kama siku zote.

Ndani palikuwa patulivu. Kwenye kioo kulikuwa na wanawake wanne wamesimamishwa hapohapo walipokuwa, wamevaa miwani myeusi na mitandio mipya, midomo wazi, mbele ya jeneza. Grace kashika rimoti kwa mikono miwili. Na Bibi Kidawa amekaa wima kitandani, uso unang'aa kama mtu aliyetoka kucheza ngoma.

"Umesikia?" akauliza. "Hivyo ndivyo watu wanavyolia."

Mundu ukamwanguka Mwanaima.

"Maana hawa," bibi akaendelea, akawanyooshea kidole wale wanne, "hawa ni aibu. Mama yao kalala pale, wao wanashika pua wasiharibu wanja. Na wanaanza na jina! 'Mama Vero, Mama Vero.' Nani aliwafundisha? Kilio hakianzi na jina. Kwanza unaita, kwa tumbo. Halafu unasema umeachwa na nani. Jina linakuja la tatu, watu wakishafika. Nikamwambia Grace, simamisha hapo niwaonyeshe."

"Bibi alikuwa anawafundisha," Grace akasema.

"Mama," Mwanaima akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Umelia kilio cha msiba. Mchana kweupe. Na nyumba haina msiba."

"Sikumtaja mtu! Mimi mjinga? Nimeishia la pili. Jina sijaweka."

"Ndiyo maana kila mtu kaweka lake!"

Hapo Bibi Kidawa akasikia kelele za uani. Akageuza shingo dirishani, akaona benchi, mkeka, watu. Ule mng'ao usoni ukaondoka polepole, kama maji yanavyoingia mchangani.

Lakini Mwanaima alikuwa ameshalikumbuka lile neno la Fortunata na alikuwa ametoka nje.

"Umesema umeongea na Fauzia. Umemwambia nini?"

Fortunata akaanza kuzungusha pete yake ya ndoa. "Nimemwambia kwenu kuna kilio."

"Ukasema cha nani?"

"Nikasema sijui, ila bibi ndiye analia, kwa hiyo bibi hayumo. Akauliza, mama? Nikasema mama yako hatumwoni. Ningesema nini, Mama Fauzia? Kilio kimelia! Akasema anakupigia mwenyewe. Halafu akanirudia, akasema simu ya mama imezima, imezima mara saba. Halafu nikasikia pikipiki."

"Pikipiki ya nini?"

"Anakuja," Fortunata akasema, akaanza kulia kweli.

Walipiga namba ya Fauzia. Haikupatikana, ameshaingia kwenye kipande kile cha barabara kisicho na mtandao, na kipande hicho ni kirefu. Iddi alikuwa Kilwa Masoko na gari la watu. Hakuna wa kumzuia.

Bi Sauda ndiye aliyesema neno ambalo wengine walikuwa wanalimeza. Alikuwa anakunja mkeka wake. "Kilio kisicho na maiti hutafuta maiti. Mdomo uliokitoa ndio ukirudishe, mbele ya aliyekusudiwa, kabla ya magharibi."

"Hakukusudiwa mtu," Fortunata akasema. "Jina hakuweka."

"Basi kilikwenda kwa yule aliyewekwa na mioyo ya watu."

Mwanaima alilisikia hilo. Alimgeukia Romani, mume wa Fortunata, aliyekuwa bado ameshika ncha moja ya benchi.

"Baba Grace, washa pikipiki."

Walikwenda kwa mwendo ambao Mwanaima siku nyingine angemtukana dereva. Alikaa nyuma amekamata kiuno cha Romani, vumbi mdomoni, na kila pikipiki iliyotokea mbele aliikodolea macho. Hii ina gunia la mkaa. Hii ina mwalimu. Hii ina kuku. Romani, mtu mpole, alijaribu kumtuliza.

"Mama Fauzia, atakuwa anakuja taratibu."

"Umewahi kumwona Fauzia akifanya kitu taratibu?"

Romani akaongeza moto.

Walimkuta kwenye kalavati, mbele kidogo ya pale mteremko unapokwisha. Pikipiki iliyomleta ilikuwa imeegeshwa, dereva wake anatembea huku na huku kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Fauzia alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye saruji, miguu ameipanua, mikono yote miwili chini ya tumbo. Alikuwa anatoa pumzi kwa mdomo.

Aliinua uso, akamwona mama yake anashuka, mweupe kwa vumbi kuanzia utosini, hana khanga, ana gauni la shambani limeshika majani ya ufuta. Akamtazama bila kupepesa.

"Mama," akasema polepole. "Si umekufa?"

"Sijafa. Nimekuja."

"Nimekulilia tangu Nangurukuru!"

"Najua, mwanangu. Nyamaza, vuta pumzi."

"Nimemwambia huyu kaka wa watu habari zako zote! Nimemwambia ulikuwa mama mwema!" Akampiga mama yake begani kwa ngumi, mara mbili, halafu akamkamata palepale alipompiga, akamng'ang'ania. "Tumbo linabana, mama. Linabana linaachia. Kama ile ya kwanza."

Hakuna aliyeuliza mengine. Kurudi Nangurukuru kulikuwa mbali kuliko kwenda mbele Njinjo, kwa hiyo walimpakia Fauzia kati ya Romani na mama yake, wakaenda kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Kila shimo Mwanaima alilipokea yeye kwa mapaja yake. Hakusali dua yake ya kila siku. Alikuwa na jambo jingine kichwani, likizunguka kama nzi: mimi ndiye niliyesema Fauzia. Pale kwenye ufuta. Mzee hakumtaja mtu, mimi nikamtaja.

Kituo cha afya cha Njinjo kilikuwa na muuguzi mmoja zamu hiyo, dada Martina, mwanamke mnene mwenye mikono mepesi. Alimlaza Fauzia, akampima presha, akakunja uso, akapima tena. Akamwekea dripu. Akainama na kile chombo kama pembe, akakiweka tumboni, akasikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza. Mwanaima alisimama ukutani.

"Yupo," dada Martina akasema hatimaye. "Anakwenda mbio, lakini yupo. Mlango wa kizazi haujafunguka. Tumpe dawa, alale kwa ubavu wa kushoto, asisumbuliwe. Maumivu yakitulia, sawa. Yasipotulia tutaita gari la wagonjwa." Kisha akawageukia. "Kwani mlimwambia nini mtu wa presha hii?"

Utaanzia wapi? Utamwambia muuguzi kuna wanawake wanne wamevaa miwani?

Saa kumi ikafika, saa kumi na moja. Tumbo lilibana, likaachia. Dada Martina alikuja akasikiliza tena, akaenda. Fauzia alilala kageukia ukutani, na kila likibana alikuwa anakunja ncha ya shuka kwa vidole.

Ndipo kelele zikaanza nje. Kwanza mngurumo wa guta la matairi matatu, lile linalobeba mazao. Halafu sauti ya Fortunata: "Taratibu jamani, nyonga hiyo!" Halafu sauti nyingine ambayo Mwanaima angeijua hata ndani ya kisima.

"Nishusheni hapa. Dirishani. Msinipitishe mlangoni, watanizuia."

Mwanaima akatoka mbio. Bibi Kidawa alikuwa amelazwa kwenye guta juu ya magunia, uso wake wa kijivu kwa maumivu, midomo imekauka. Mtu ambaye kugeuzwa kitandani tu humfanya auume mto.

"Nani kampakia huyu mzee?" Mwanaima akafoka. "Mama Grace, hujaridhika? Unataka nilaze wangapi leo?"

"Kasema nisipompakia atatambaa," Fortunata akasema. "Na ameanza kutambaa, nimemkuta kizingitini."

"Jua linazama," Bibi Kidawa akasema. Hakumtazama Mwanaima usoni. "Sauda kaniambia. Nisogezeni dirishani."

Walimsogeza. Romani na dereva wa guta wakamwinua, wakamshika makwapa, mpaka uso wake ukafika kwenye nondo za dirisha. Ndani Fauzia aligeuza kichwa.

"Mke mwenzangu," bibi akasema. Ndivyo walivyokuwa wakiitana tangu Fauzia ana miaka minne.

Machozi yalimshuka Fauzia puani.

Dada Martina akatokea mlangoni. "Shikamoo bibi, lakini hapa si mahali pa—"

"Marahaba, mwanangu. Neno moja tu, kisha unifukuze." Akashika nondo. Akasafisha koo, kisha akasita, na kwa mara ya kwanza tangu Mwanaima aolewe katika nyumba ile, akamwona yule mzee hajui la kusema. "Mama Fauzia. Narudisha kwa jina la nani? Mimi sikumtaja mtu."

Watu wote wakamtazama Mwanaima.

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema rudisha tu hivihivi, Mungu anajua.

"La Fauzia," akasema. "Mimi ndiye niliyemtaja. Moyoni, kule shambani. Nilipokusikia nilisema ni Fauzia."

Ndani, kitanda kikalia.

"Mimi nilikutaja wewe, mama," Fauzia akasema kutoka kitandani. "Nangurukuru nzima."

"Basi wote wawili," Bibi Kidawa akasema, akavuta pumzi. Hakupaza sauti. "Kilio cha leo mchana kilitoka mdomoni kwangu, mimi Kidawa, na hakikuwa cha kwetu. Si cha Fauzia wala cha Mwanaima, wala cha huyu aliye tumboni. Kilikuwa cha mama wa watu kwenye televisheni. Nakirudisha nilikokitoa, nakimeza." Akameza kweli, shingo ikapanda na kushuka. Halafu, kwa kuwa hawezi, hawezi kabisa, akaongeza: "Na huyo mama mwenyewe hakufa. Grace kaendelea kuitazama mpaka mwisho. Aliamka kwenye jeneza, eti alikuwa anawapima watoto wake."

Kutoka ndani ikasikika sauti kama kikohozi. Fauzia alikuwa anacheka, ameshika tumbo, analia huku anacheka. "Bibi, nenda zako! Nenda, unaniumiza!"

"Tokeni!" dada Martina akafoka. "Tokeni wote dirishani! Nimesema asisumbuliwe, nyie mnamletea ngoma! Na huyu bibi mlazeni kwenye benchi la ndani, nimwone hiyo nyonga, mmeshaniongezea mgonjwa!"

Wakatawanyika kama kuku. Mwanaima alimshika bibi upande mmoja, Fortunata mwingine, na njia nzima ya hatua kumi Mwanaima alikuwa anagomba kwa sauti ya chini: nyonga itafunguka, dawa za kukanda ziko nyumbani, nani atalala na nani, na ufuta kule umelala chini wote, wote. Bibi Kidawa alimwegemea tu.

Walipomlaza, Mwanaima akarudi kwa binti yake. Fauzia alikuwa amefumba macho. Mwanaima akapeleka mkono chini ya shuka, akauweka juu ya tumbo, akasubiri libane. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa msikitini, ikaisha. Tumbo lilikuwa laini. Akasubiri tena. Kitu kikamgonga kiganjani, kidogo, cha hasira, kama mtu anayegonga ukuta awaambie majirani wapunguze sauti.

"Haya," Mwanaima akamwambia. "Tumesikia."

Hakuutoa mkono.